Mama mkwe anataka nikae mbele ya moto wa havan, mama yangu anasema nisithubutu

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, Mchaga wa Machame, Mlutheri tangu kuzaliwa. Nimeolewa na Mhindi wa hapahapa Dar es Salaam, Mhindu wa jamii ya Lohana, ambaye babu yake alitoka Gujarati enzi za ukoloni. Mume wangu Kiswahili chake ni cha Kariakoo kuliko hata changu. Tulifunga ndoa bomani. Kanisani ingebidi yeye abatizwe, na upande wao kulikuwa na mambo ambayo wazazi wangu wasingeyakubali. Tukaahidiana kuwa hakuna atakayembadili mwenzake, na watoto watajifunza pande zote mbili. Tuna binti wa miaka mitano. Jumapili naenda naye kanisani, Diwali anawasha taa na bibi yake. Tumeishi hivyo bila ugomvi.

Tunakaa Upanga pamoja na mama mkwe, ambaye wote nyumbani tunamwita Ba. Ni mjane. Siwezi kumsema vibaya. Nilipojifungua alikuwa ananipikia vitamu vyao vya samli na tangawizi, huku mama yangu naye kaja na ndizi za mtori kutoka nyumbani, na wale wawili wakawa wanashindana kunilisha.

Mwaka huu mambo yametuandama. Duka la vipuri la mume wangu lilivunjwa. Halafu akaanguka na pikipiki akavunjika mguu. Mtoto amelazwa mara mbili kwa pumu. Ba ameingiwa na hofu, anasema nyumba hii inahitaji havan, ibada yao ya moto. Amezungumza na maharaj, yaani kuhani, wa hekalu analosali aje awashe moto sebuleni, asome mantra, yaani maneno yao matakatifu, za kutuliza sayari na kuiombea familia ulinzi. Kama angefanya yeye peke yake nisingekuwa na neno, ningetoka zangu kwenda sokoni. Lakini anasema lazima tukae mimi na mume wangu mbele ya ule moto, tumefungwa pamoja kwa kitambaa, kwa kuwa mwanamume mwenye mke hakai peke yake kwenye ibada ile. Akaniuliza na tarehe zangu za mwezi, ili siku itakayochaguliwa isiangukie humo. Mama, niliona aibu, nikajihisi kama mchafu ndani ya nyumba yangu.

Si hilo tu. Kuna binamu wa mume wangu aliyemuunganisha Ba na mnajimu wa India kwa simu. Alitaka tarehe na saa yangu ya kuzaliwa. Saa hatuijui, nilizaliwa nyumbani, mama anakumbuka tu kuwa ilikuwa usiku. Yule mtu akasema mimi ni Manglik, Mirihi imekaa vibaya kwenye nyota yangu, na ndiyo chanzo cha mikosi yote. Havan ya nyumbani haitoshi, anasema, inatakiwa kubwa ya siku kadhaa ifanyiwe kulekule India, shilingi milioni nne na nusu, nusu itangulie. Juzi nimemsikia Ba anaulizia bei ya dhahabu, na najua ni bangili zake anazotaka kuuza.

Nilimpigia mama yangu. Akaniambia, "Siku utakayokaa mbele ya moto ule, usiniite mama." Anasema ni kuabudu miungu, na ule moshi unaita mapepo. Mchungaji sijathubutu kumwambia. Mume wangu yeye ananiambia, "Kaa tu, ni saa mbili, inaisha." Ba akianza hayo maneno mbele yetu, yeye anainamia simu yake.

Nikikaa, nimeikana imani yangu? Nikikataa, halafu Mungu apishie mbali likatokea jingine, si nitanyooshewa kidole maisha yangu yote? Na mtoto je? Ba anataka afungwe ule uzi mwekundu mkononi na apakwe alama kwenye paji la uso. Naomba usitaje jina langu.

Mke wa Upanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako, nikairudia. Unaniuliza kuhusu moto, lakini ndani ya barua hiyo nimeona mambo manne yaliyoshonwa pamoja: ibada anayoitaka Ba, fedha anazozitaka mtu wa kwenye simu, kinyongo cha mama yako, na ukimya wa mume wako. Yakikaa kwenye fungu moja hutapata pa kuanzia. Nitajaribu kuyafumua, nawe utapima.

Tuanze na moto wenyewe, maana naona hakuna aliyekaa na wewe akakueleza. Maharaj ataweka kund, chombo cha shaba au chuma chenye mdomo wa mraba, au atapanga matofali na mchanga. Ndani ataweka vijiti vikavu, mara nyingi vya mwembe, na kuviwasha kwa kafuri. Mwanzoni kabisa anayefanyiwa ibada huchukua maji kwenye kiganja cha kulia, na maharaj husoma kusudi: fulani, wa ukoo fulani, mahali fulani, siku fulani, anafanya ibada hii kwa nia hii. Hiyo inaitwa sankalp. Baada ya hapo mantra zinasomwa, na kila moja inapoisha watu husema "swaha", na kijiko cha samli au konzi ya samagri, yaani mchanganyiko wa mimea, ufuta na shayiri, inaingia motoni. Kama ni ya sayari, zitatajwa zote tisa, jua na mwezi, Mirihi na wenzake, mpaka Rahu na Ketu. Mwisho inawekwa nazi kavu iliyopakwa samli, watu wanaomba, wanagawana prasad, yaani chakula kilichobarikiwa, wanakula.

Kwa Mhindu, moto ule ni Agni, mjumbe anayepeleka sadaka kwa miungu. Rigveda, maandiko yao ya kale kuliko yote, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, inaanza kwa wimbo wa kumsifu yeye. Ba hakuokota jambo hili mtaani baada ya duka kuvunjwa. Amelelewa nalo, kama wewe ulivyolelewa na sala ya jioni.

Kwa hiyo mama yako anaposema yale ni mapepo, ningependa umwulize kwa upole amelitoa wapi. Havan ya namna hii haifanywi kumdhuru mtu, wala haifichwi. Wahindu huifanya mchana kweupe, kwenye harusi, nyumba mpya, mtoto akizaliwa, na jirani anaalikwa. Lakini mama yako hajakosea kila kitu. Ile ni ibada, tena ibada kamili, yenye kuombwa na mwenye kuomba. Ndiyo maana maneno ya mume wako, "kaa tu, inaisha," yananipa shida kuliko ya mama yako. Yanaudharau moto wa Ba, yanaidharau na dhamiri yako. Ba hataki mtu wa kujaza mkeka. Anataka mtu anayeomba naye, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana unakosa usingizi.

Sasa nikuulize. Umechukulia kwamba Ba anakuvuta kwenye dini yao. Inawezekana. Lakini kuna upande mwingine. Katika desturi zao mume mwenye mke hukaa naye ibadani, mke akaigusa mikono ya mume wakati sadaka inamiminwa. Masimulizi yao ya mfalme Rama yanasema kuwa alipotaka kufanya yajna kuu, yaani ibada ya sadaka, wakati mkewe Sita hayupo, alitengeneza sanamu ya Sita ya dhahabu ikawekwa ubavuni pake. Mama anayekuambia "bila wewe haifai" huenda anakutambua kuwa ndiye mke wa nyumba hii, kwa lugha ambayo wewe hukufundishwa.

Na kuna jambo ambalo sijui kama mmewahi kulizungumza humo ndani. Mlioana bomani. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliwapa nafasi hiyo, na mlikuwa na sababu nzuri. Lakini harusi ya Kigujarati ni moto: bibi na bwana harusi wanauzunguka mara nne, wamefungwa kitambaa. Ba hakumwona mwanawe akiuzunguka. Mama yako naye hakukuona ukisimama madhabahuni Machame. Ninyi wawili mliridhika, wale wawili sijui kama waliwahi kuulizwa. Kitambaa anachokitaka Ba leo na maneno makali ya mama yako huenda vimekaa miaka yote hii vikingoja mahali pa kutokea. Nasema huenda. Wewe ndiye unayewajua, wachunguze.

Kuhusu tarehe zako za mwezi, naelewa aibu yako. Ni mila kwenye nyumba nyingi za Kihindu kwamba mwanamke aliye hedhini hakai kwenye ibada, na wapo Wahindu wanaoipinga. Ba aliuliza kama wanavyoulizana wanawake wa kwao, pengine bila kufikiri kwamba kwako lile ni la siri. Hilo mwambie. Mwambie, "Ba, swali lile liliniumiza." Halihitaji mchungaji wala maharaj.

Sasa hilo la mnajimu. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hili si suala la dini yako dhidi ya dini ya Ba. Kwa hesabu zao wenyewe, wanaligawa anga katika sehemu wanazoziita nyumba, na mtu anaitwa Manglik Mirihi ikiwa kwenye nyumba ya kwanza, ya nne, ya saba, ya nane au ya kumi na mbili, na wengine wanaongeza ya pili. Nyumba zote ni 12. Piga hesabu: watu watano katika kila 12 wana hiyo inayoitwa mikosi, au nusu ya watu wote. Umeolewa kwenye mji uliojaa Manglik. Halafu, nyumba hizo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia alama ya nyota iliyokuwa inachomoza ulipozaliwa, nayo hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Saa yako haijulikani. Huyo bwana amehesabu kuanzia wapi? Hata mtu anayeuamini unajimu kwa moyo wote ana haki ya kuuliza hivyo, na Ba ndiye anayefaa kuuliza, au yule maharaj wake, ambaye anaifahamu familia na anaonekana uso kwa uso. Havan ya nyumbani ina gharama za vitu na dakshina, yaani zawadi ya shukrani, ya maharaj, ambayo kwa desturi hutolewa kwa uwezo wa mtoaji. Mtu anayetangulizisha nusu ya milioni nne na nusu kwa kazi usiyoiona, huku akimtwisha mwanamke mmoja ajali, wizi na pumu, anafanya biashara na hofu ya mjane. Ningefurahi kama bangili zile zisingetoka kabla mume wako hajakaa na mama yake. Na hapo hutakiwi kwenda wewe. Ukienda wewe itaonekana unajitetea.

Nirudi kwenye swali lako gumu: ukikaa, umeikana imani? Mimi siwezi kukujibia. Ninachoweza ni kukuonyesha kuwa "kukaa" si kitu kimoja. Kuna kuwa ndani ya nyumba, ukapika, ukapokea wageni. Kuna kukaa chumbani humo kwa heshima bila kufanya kitu. Kuna kukaa ubavuni mwa mume. Kuna kufungwa kitambaa naye na kumgusa mkono. Kuna jina lako kutajwa kwenye sankalp. Kuna kusema "swaha" na kumimina samli kwa mkono wako. Katika ngazi hizo, dhamiri yako inagoma wapi? Omba maharaj akueleze kwa Kiswahili sankalp itasema nini na kama upo utaratibu wa mume kufanya huku mke akiwa kando. Huenda ameshakutana na ndoa za mchanganyiko. Hata Wahindu wenyewe hawafanani: Arya Samaj, jumuiya ya Kihindu iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875 na Swami Dayananda na kufika Nairobi mwaka 1903, inafanya havan bila sanamu yoyote. Sikuambii hiyo ndiyo suluhisho, kwako inaweza isibadilishe kitu, na kwa Ba inaweza isiwe ibada yake.

Na Biblia yako ina pande mbili juu ya jambo hili. Paulo, katika Wakorintho wa kwanza sura ya 10, anaonya waziwazi juu ya kushiriki meza mbili. Hayo ndiyo anayosimamia mama yako, si ushamba. Lakini soma pia Wafalme wa pili, sura ya 5. Naamani, jemadari wa Shamu, akiisha kumwamini Mungu wa Israeli, anamwambia Elisha kwamba bwana wake huingia nyumba ya mungu wao Rimoni kuabudu, akiuegemea mkono wake, naye Naamani hulazimika kuinama. Anaomba asamehewe kwa hilo. Elisha anamjibu, "Enenda kwa amani." Wakristo wamelisoma jibu lile kwa namna tofauti, wengine kama ruhusa, wengine kama huruma tu kwa mtu mchanga wa imani. Mpelekee mchungaji wako hilo swali. Unaogopa atakukemea, na huenda akakukemea, lakini mficha uchi hazai. Afadhali usikie neno la kanisa lako kutoka kwa mchungaji kuliko kulikisia usiku.

Kila njia ina gharama. Ukikaa kamili, Ba atafurahi, na mama yako ataumia, pengine kwa muda mrefu. Na kama moyo ulikuwa unasema hapana, utamwekea kinyongo mume wako kwa jambo ambalo ulilifanya mwenyewe. Ukikaa kwa kiasi, kuna hatari ya kuwaudhi wote wawili, na mwakani ukaulizwa mbona safari ile ulikubali. Ukikataa kabisa, unakuwa mkweli kwa imani yako, lakini hofu ya Ba inabaki bila pa kwenda, na huyo wa kwenye simu anaisubiri. Havan inaweza pia kufanyika hekaluni, Ba na mwanawe wakaenda, wewe ukabaki nyumbani. Inapunguza mvutano, ila Ba alitaka ni nyumba hii iombewe, si nyingine.

Unaogopa kunyooshewa kidole likitokea jingine. Mwanangu, kidole hicho tayari kimenyooshwa, na ukikaa hakishuki. Ajali ikija baada ya havan, watasema ulikaa bila moyo. Hofu hiyo inazimwa na mume wako tu, akisema mbele ya mama yake kwamba duka lilivunjwa na wezi, na pikipiki aliiendesha yeye. Ana haki ya kuamini ibada za kwao, Katiba inampa kama inavyokupa wewe kwenye ibara ya 19. Hana haki ya kujificha kwenye simu wakati mke wake anaitwa mkosi.

Mtoto. Uzi mwekundu na ile alama ya paji la uso ni baraka kwa Ba. Kwenu ninyi wazazi ni suala la ahadi yenu ya "pande zote mbili", na ahadi hiyo haikusema mipaka. Mkae muiseme. Yapo mambo mtoto anayoyashuhudia, na yapo anayoyatenda, na ninyi wawili mnaweza kuweka mstari hapo au kwingine. Moshi lakini hauna mjadala. Utasikia watu wakisema moshi wa havan unasafisha hewa. Kuni na samli zikiungua ndani ya chumba, kifua cha mtoto mwenye pumu kinabana, uwe moto wa ibada au wa jiko la mkaa. Asiwe ndani ya nyumba wakati moto unawaka, wala asirudi kabla madirisha hayajafunguliwa muda wa kutosha na moshi wote kuisha. Pampu yake iwe mkobani mwa atakayekuwa naye. Hili Ba atalielewa upesi kuliko yote, kwani ni huyohuyo mjukuu anayemwombea.

Ningekuwa karibu yako ningekwambia uanze na mume wako, usiku mtoto akishalala, Ba hayupo, na simu yake iko mbali. Usimpe mambo yote manne kwa mara moja. Mpe la mnajimu kwanza, kwa sababu bangili zikishauzwa hazirudi. Kisha mwombe yeye ndiye amwambie mama yake kwamba mnahitaji wiki mbili tatu kabla ya kupanga tarehe. Maharaj akifungua tena kalenda yake, siku nzuri ataipata nyingine. Katika wiki hizo ndipo utaongea na mchungaji, na maharaj, na mama yako wa Machame. Huyo wa mwisho usimpigie kumwomba ruhusa. Mpigie umsikilize, hata akirudia maneno yale. Halafu niandikie tena, hata kama mambo hayakwenda ulivyotaka.